Onja Kwanza, Njo Unipe

Martine mutoto yangu,

Kama barua hii inakukuta muzima, basi unieleze ni nini inakukatalia kuja kutuona, maana mimi nilikuwa nimeshakuweka kati ya wagonjwa tunaowaombea. Tangu Noël sijaona hata kivuli yako hapa Cimpunda. Wanasema njia ya Ngomo, ya kutoka kwenu Kamanyola, iko mubaya. Ndiyo, iko mubaya. Lakini magunia ya muchele yanapita Ngomo kila siku kuja Bukavu, na gunia haina miguu. Wewe uko na miguu mbili, ni mimi niliizaa, na siku ile niliiangalia vizuri, haikuwa na kilema.

Nikusalimie kama mutoto ao kama mugeni? Haya, kama mutoto, sababu hasira yangu haijashinda tumbo iliyokubeba. Jambo sana. Didier mume wako anaamkaje? Ule mugongo wake umepona, ao bado unauma siku ya kulima tu? Watoto wanakula? Wanasali? Tomati zimetoka vizuri mwaka huu, ao maji ya Ruzizi imezibeba? Sisi huku, Mungu asifiwe, tunapumua. Goti yangu ya kushoto inajua mvua mbele ya radio. Udongo nyuma ya nyumba ulianguka kidogo, lakini ulianguka kwa upande ya jirani, na yeye alikuwa amejitafutia.

Mwenye kuandika ni Papa Alphonse wa shirika yetu ya kanisa. Unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemukataza kupamba maneno yangu. Alikuwa ameanza na mambo ya heshima na taadhima, nikamuambia afute, mutoto yangu atafikiri nimekufa na ni padri anamuandikia. Utauliza sababu gani sikupiga telefone. Kwa telefone unanikatia. Kila mara nikitaja Déborah, binti yako ninayekaa naye, unasema réseau imeharibika. Barua haina réseau. Hata ukiikunja na hasira, kesho utaikuta palepale inakungojea.

Na nitakuambia tangu sasa kitu ninataka, usipoteze macho kuitafuta huko chini: nataka uje ukule chakula kutoka kwa mukono ya binti yako.

Wewe unakumbuka Noël, lakini nitakukumbusha vile mimi niliiona. Mutoto alitoka kazini, akapika wali na kuku, akakupakulia kwa ile sahani ya maua, ile tunatoa siku ya wageni tu. Akakuletea na mikono mbili. Wewe ukaisukuma na vidole. Ukasema, wageni wote wakisikia, kama chakula ya ule mutoto haiwezi kupita kwa koo yako. Kisha ukakunywa maji ya kibidoni yako uliyotoka nayo Kamanyola. Najua ulikuwa na kasirani. Lakini sahani haijui kasirani, Martine. Kwetu hapa mutu akisukuma sahani, watu hawaulizi alikasirishwa na nini. Wanauliza kulikuwa nini ndani. Kesho yake kwa robinet ya maji, wamama walikuwa wanaangalia vidole vya Déborah kama vidole vya mutu wa karuho, mwenye kutia watu sumu. Mutoto wa kwetu, aliyeonja titi yako mbele ya kuonja maji! Ile sahani niliiosha, nikaigeuza juu ya kabati, na tangu siku ile hakuna mutu ameikulia.

Yote ilitoka kwa ile picha. Sophie, jirani yangu, ule ambaye telefone yake inatembea kuliko miguu yake, alikutumia picha ya Déborah amevaa robe fupi pembeni ya mwanaume munene. Ukasema binti yako anajiuza. Ule mwanaume munene, mutoto yangu, ni mwenye duka ya rangi za nyumba. Ilikuwa siku ya kufungua duka, na agence ya Déborah ilitumwa kupokea wageni. Muke yake alikuwa hapo pia, munene kama yeye, lakini Sophie alimukata kwa picha. Robe ilikuwa fupi, hapo sitakudanganya. Nilimuambia Déborah kama hiyo siyo robe, ni kitambaa ya kupangusia meza. Na sasa hawavai tena zile; wamevaa kikwembe na mupira ya kuvaa, yote nyeupe, na mwenye agence alikubali sababu hata wateja wenyewe walilalamika wake zao wanawafinya.

Nikueleze hiyo kazi, maana ulikataa kuielezwa. Mutu akitengeneza kitu mupya, sabuni ao mafuta ao biskuti, watu hawaijui. Basi anaenda kwa Maman Elodie, mwenye agence, kule Nguba. Maman Elodie anamupatia wasichana na wavulana wa kusimama na ile kitu kwa soko ao kwa feti ya ndoa, wasalimie watu, waeleze, wagawe ya kuonja. Wanaitwa hôtesse. Ni kazi ya miguu na meno: unasimama siku nzima na unacheka hata kama kiatu inakula kidole. Mbele ya kuingia, Déborah alijifunza hapa kwa uwanja yangu kutembea na plateau, ile sinia, ya vikopo vimejaa maharagi. Kuku zangu zilinenepa ile juma.

Na kuna kitu wanaita casting, ya kuchagua watu wa kazi. Mimi nilifikiri ni kusimamisha watoto na kuwageuza kama ngombe ya kuuza. Hapana. Maman Elodie aliwauliza wote swali moja: ukikuta kwa soko muzee, mulevi na mutoto, utasalimu nani kwanza? Wengine walisema muzee, juu ya heshima. Mwingine alisema mutoto, juu Yesu anawapenda. Déborah akasema mulevi, sababu usipomusalimia kwanza atakuharibia muzee na mutoto. Wakamuchukua palepale. Hii akili hakuitoa kwa masomo. Aliitoa kwa kukaa na baba ya mume wako.

Wanaume wanamuomba numero, ndiyo. Hata kwa kanisa wanaomba. Maman Elodie anakataza kupana numero, na jioni anawarudisha wote na gari mpaka kwa mulango.

Lakini mimi pia, Martine, sikuwa malaika. Kisha ya maneno yako ya Noël, nilianza kumuangalia mutoto na jicho moja. Nikajisemea, nikimufuata kazini bila yeye kujua, na nikikuta uchafu, nitamushika sikio na kumutembeza hivyo mpaka Kamanyola, Ngomo nzima. Basi siku moja ya soko nikasikia wako kwa soko ya Nyawera. Nikavaa kile kikwembe chako cha zamani, nikajifunika kichwa, nikachukua fimbo, nikateremuka.

Nilikuta hema, na bafle za muziki zinapiga mpaka samaki kwa beseni zinacheza. Modeste, ule anasemaga kwa micro, alikuwa anaimba sifa za jus mupya ya matunda ya maracuja. Wasichana wanne walikuwa wamevaa nyeupe juu na chini kama watu wanaooana, wanazunguka na plateau. Na hakuna mutu alikuwa anakunywa. Hata mumoja. Vikopo vilikuwa vinarudi vimejaa vile vilienda, na nzi tu njo walikuwa wanashukuru.

Nikatafuta sababu, nikaiona. Ile jus walikuwa wanaimwanga huko nyuma ya hema, penye macho haifike. Kisha msichana anakuja na kikopo imejaa, ya bure, anacheka, anasema kunywa mama. Na yeye mwenyewe haonji! Wewe uko Mushi, kabila moja na mimi, Martine. Mutu akikupa kasigisi, pombe yetu ya ndizi, hapa kwetu, ni nani anakunywa wa kwanza? Ni ule mwenye kukupa. Anaonja mbele ya macho yako, njo anakupa. Asipoonja, hata kama ni padri, kinywa inajifunga yenyewe. Bintu, ule muuza samaki ndogo za sambaza, mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa anasema soko nzima ikisikia kama ile jus iko tamu hivi, mbona wenyewe midomo imewakauka? Akauliza kama ni jus ao ni njia ya kupunguza wamama kwa soko. Watu wakacheka, wakarudi nyuma tena kidogo.

Na wale watoto wanajua desturi, ni watoto wa hapa. Lakini Maman Elodie amekataza: hôtesse haweki kinywa yake kwa kitu ya mutu. Zamani walikuwa na wengine waliokunywa jus ya mutu mpaka katoni zikaisha, wageni wakaonyeshwa chupa tupu. Basi kila mumoja alikuwa anaogopa kazi yake. Na mwenye jus alikuwa amesimama pembeni, mikono kwa kiuno, anaangalia saa kila mara.

Hapo Déborah akaniona. Nilikuwa nimejifunika mpaka pua, lakini alitambua kile kikwembe chako. Uso yake ilibadilika. Nikajisemea sasa atajificha, na akijificha nitajua kila kitu. Mutoto hakujificha. Aliweka plateau chini. Alichukua chupa yenye haijafunguliwa, akakuja mbele yangu, katikati ya watu wote. Akapiga goti kwa ule matope wa Nyawera, na kikwembe yake nyeupe. Akaifungua mbele ya macho yangu. Akamwanga kwa kikopo, akakunywa yeye kwanza, akameza, watu wakimuangalia koo. Kisha akanipa, mukono moja chini ya ingine, vile tulimufundisha. Akasema tu, na ile jina ya nyanya anayoniitaga: pokea, koko.

Martine, mukono iliyokuja kushika sikio, ikashika kikopo.

Nilikunywa yote. Sitakuambia kama nililia, Alphonse atakuja kutangaza kwa shirika. Kisha nikawageukia watu, nikawaambia ni mujukuu yangu huyu, na ile jus iko kali kidogo, waongeze sukari. Kicheko ikapasuka. Modeste alitaka kufunika maneno yangu na muziki lakini alikuwa amechelewa. Bintu akasema kama nyanya anaitukana na bado anamaliza kikopo, basi iko kitu ya kweli; apewe naye, lakini msichana aonje. Déborah akaonja, akamupa. Kisha mwingine. Kisha mwingine tena. Ilifika saa mutoto hawezi tena kusema, tumbo imejaa kama ngoma, nikamuambia alete chupa karibu, mimi nitaonja kwa upande huu. Hivyo njo tulimaliza katoni zote. Ule mwenye jus alisahau saa yake.

Jioni Maman Elodie akatuita nyuma ya hema. Nikaenda na fimbo yangu, sababu nilifikiri anataka kumufukuza mutoto, na nilikuwa nimeshachagua mahali pa kumupiga. Alimukaripia kweli, akasema amevunja sheria mbele ya mteja. Déborah aliinamisha kichwa, akajibu polepole kama nyanya yake alikuwa amekuja na njaa ya kujua, na kwao hawamupi mukubwa kitu bila kuonja. Kama ni kosa, basi amukate kazi. Maman Elodie akacheka chini chini. Hakumukata. Kitu aliniambia mimi nitakueleza mbele kidogo, kwanza tumalize ya mutoto.

Sasa ule mwenye jus anataka watembee nayo kwa masoko: Miti, Mumosho, mpaka Kamanyola. Maman Elodie amesema Déborah njo atakuwa chef d'équipe, mwenye kuongoza wengine wote. Ni kupanda, Martine. Chef d'équipe anaandikwa kazi ya kila mwezi, haitwi tena siku moja moja. Na Déborah amekataa. Amesema Miti ataenda, Mumosho ataenda, Kamanyola hapana, wamupe mwingine. Maman Elodie amemujibu kama chef hachagui soko: anaenda kote, ao anabaki hôtesse kama zamani. Amemungojea mpaka Pasaka.

Nilimuuliza sababu. Kwanza alisema jua ya bondeni itamuharibu ngozi. Nikamuambia anidanganye na kitu ingine. Kisha akalia. Akasema kwa soko ya Kamanyola kila mutu anajua yeye ni binti ya Martine. Atapiga goti, atapa watu kikopo. Na watu watageuka kukutafuta wewe kwa macho, kuona kama mama yake anapokea. Kama haupo, watasema mama ameogopa. Kama upo na unasukuma kikopo vile ulisukuma sahani, ni nani atakunywa? Mama njo anajua mutoto yake. Mutoto ambaye mama yake mwenyewe anamukatalia, hata mbwa haiwezi kupokea kutoka kwake. Hivyo njo alisema. Jibu iko kwako, kule Kamanyola, inakula tomati.

Sikuambii umuombe musamaha. Wewe uko mama, na mimi niko mama, tunajua vile hiyo neno inakwama. Wala sikuambii uipende ile kazi. Nakuambia ukule tu. Kinywa ikikula, imeshasema.

Sasa keti. Kama Didier iko karibu, akushike bega.

Mimi pia nimeingia kwa agence.

Usifute macho, umesoma vizuri. Ile jioni nyuma ya hema, Maman Elodie aliniomba niwe nafuatana nao. Sheria ya hôtesse inabaki, hawaonji. Lakini mbele ya hema wanaweka kiti, mimi naketi, wananifungulia chupa ya kwanza watu wakiona, mimi naonja, na kisha mimi mwenyewe nawapa wamama wa kwanza na mukono yangu. Wengine wakiona mukubwa amekunywa na bado anatukana, wanakuja. Aliniuliza pia lile swali la muzee, mulevi na mutoto. Nikamujibu sisalimu hata mumoja, mimi njo mukubwa, wao wanisalimie. Akasema nimepita. Niliweka kidole kwa karatasi yao. Niko na mupira yenye picha ya maracuja kubwa hapa kwa kifua, navaa juu ya kikwembe, na kofia nimekataa. Walitaka niseme kila mara kama iko tamu sana. Nikawaambia nitasema vile iko. Sasa wameongeza sukari, na nasema iko tamu, na watu wananiamini sababu walinisikia siku ya kwanza.

Basi ukisikia wasafiri wanasimulia juu ya bibi muzee anapigana na micro kwa soko ya Miti, usiwaulize ni mama ya nani. Goti yangu hailii tena sana. Ao inalia na siisikii, juu ya zile bafle. Watoto wa agence wananiita Maman Cheffe, na mumoja wao mwenye kiatu inayomuuma nimemufundisha kuweka pamba ndani. Nilikuwa naketi hapa nangojea mvua na watu wa kunizika. Sasa siku ya soko naamka mbele ya jogoo, nachanua nywele.

Na nimemuambia Maman Elodie: Kamanyola siendi kama Déborah haendi. Mutoto hajui kama nimesema hivyo, wala hajui juu ya barua hii. Glody, dereva wa lori ya muchele, atakupatia mukononi. Nimemuambia asiondoke mpaka akuone umefungua.

Basi nimemaliza. Usalimie Didier na mugongo yake. Uwakumbatie watoto, ule mudogo umuume shavu kwa niaba yangu. Usalimie mukwe wako, ule mulevi. Umuambie kama Déborah alipata kazi sababu yake yeye, anaweza kujivuna kidogo. Sophie hakusalimii, sijamuambia kama naandika, angetangulia barua kufika. Papa Alphonse anakusalimia, amechoka mukono, na amepangusa miwani yake mara mingi akisema ni vumbi. Mungu akulinde, akulainishe.

Ni mimi mama yako,
M'Bisimwa
(kidole yangu iko hapa pembeni, ile nyeusi)

Alphonse, ngoja, usikunje bado, ongeza hii. Martine, ukuje siku ya Posho, ile Jumamosi mbele ya Pasaka. Usikule kitu kwa njia, hata muhindi ya kuchoma ya Nyangezi. Kibidoni yako ya maji uache nyumbani. Ufike na njaa. Usinisalimie kwanza mimi. Pita moja kwa moja mpaka kwa kabati. Ile sahani ya maua iko palepale, imegeuka uso chini. Uigeuze na mukono yako mwenyewe, umupatie mutoto apakue, umungojee aonje, kisha upokee na mikono mbili.